Nikibadili zamu, dawa ya kuzuia damu kuganda niimeze saa ngapi?

"Habari za kazi daktari. Mimi ni mwanaume wa miaka 46, mlinzi hapa Moshi. Nina valvu ya chuma kwenye moyo, huu mwaka wa nne, baada ya moyo kuharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni. Natumia warfarin miligramu 5 kila siku, na nimezoea kumeza kabla ya kulala. Shida ni lindo. Wiki moja naingia usiku, wiki inayofuata mchana, saa 12 kwa saa 12. Wiki ya usiku nameza saa 2 asubuhi nikirudi nyumbani, wiki ya mchana nameza saa 4 usiku. Mwenzangu kazini anatumia rivaroxaban kwa sababu damu iliganda mguuni, na ameambiwa ameze jioni na chakula bila kukosa. Nimesikia pia mwili una saa yake, na kwamba alfajiri damu inakuwa nzito ndiyo maana watu wanapigwa kiharusi asubuhi. INR yangu mwaka huu: Januari 2.7, Februari 1.7, Machi 4.1. Mwezi Machi niliharisha nikanunua Flagyl duka la dawa. Mke wangu naye ameambiwa warfarin ni sumu ya panya. Je, saa ya mwili wangu imevurugika mpaka dawa haishiki? Nihamie dawa ya mwenzangu? Usiku kukiwa kimya lindoni nasikia valvu inagonga kama saa ya ukutani, na mawazo yanaanza hapo."

Salama ndugu yangu, na pole na lindo. Mimi ni mfamasia, kazi yangu ya kila wiki ni kukaa na watu wenye madaftari ya INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) kama lako, kwa hiyo nimelisoma swali lako mara tatu. Una hofu mbili ulizozifunga kamba moja: kwamba saa ya mwili wako imevurugika, na kwamba INR yako inayumba. Zote mbili ni za kweli. Ila ya kwanza siyo inayoleta ya pili, angalau si kwa njia unayoidhani. Warfarin haijali kama umeimeza asubuhi au usiku. Inachojali ni kama umeimeza kila siku, na umekula nini, na umechanganya na dawa gani. Kazi ya zamu inakuvurugia hayo matatu.

Tuanze na hiyo saa ya mwili, maana uliyosikia si porojo. Ndani ya ubongo, nyuma ya macho, kuna kifundo kidogo kuliko punje ya mchele kinachopokea habari za mwanga kutoka kwenye macho na kuuambia mwili mzima sasa ni mchana, sasa ni usiku. Wanasayansi watatu wa Marekani, Hall, Rosbash na Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe hai. Ini nalo lina saa yake ndogo, na saa hiyo hujiseti sana kwa muda wa kula. Moyo na mishipa ya damu vivyo hivyo.

Kuelekea alfajiri mwili hujiandaa kuamka. Homoni ya kotisoli hupanda, shinikizo la damu hupanda, na ukishasimama kutoka kitandani zile chembe sahani zinazoanzisha bonge la damu huwa nyepesi zaidi kushikana. Wakati huohuo, protini inayozuia mwili usiyeyushe damu iliyoganda huwa katika kiwango chake cha juu. Ndiyo maana utafiti mkubwa uliotoka Marekani mwaka 1985 ulikuta mishtuko ya moyo inaanza kwa wingi zaidi asubuhi, kilele chake kama saa 3. Kiharusi nacho kina mwelekeo huohuo. Kwa hiyo aliyekuambia habari za asubuhi hakukudanganya. Alikosea tu kudhani kwamba kidonge cha warfarin ulichomeza jana usiku ndicho kinachokulinda leo asubuhi.

Hapo ndipo penye kiini cha swali lako, tupaelewe vizuri.

Warfarin haifanyi damu kuwa nyepesi kama maji, na haiyeyushi damu iliyokwisha kuganda. Damu yako ina uzito uleule kama ya jirani yako. Kinachobadilika ni muda unaochukua mpaka igande. Ini hutengeneza protini kadhaa za kugandisha damu, na nne kati ya hizo haziwezi kukamilika bila vitamini K. Kila vitamini K inapotumika huchakaa, na mwili huifufua ili itumike tena. Warfarin inakaba hapo kwenye ufufuaji. Ini linaendelea kutoa protini, lakini zinatoka pungufu, haziwezi kugandisha.

Sasa, zile protini nzima zilizokwisha kuingia kwenye damu kabla hujameza kidonge hazifutwi. Zinabaki zikizunguka mpaka zichakae zenyewe, na kila moja ina muda wake. Ile ya haraka kuliko zote hupungua kwa nusu ndani ya saa kama 6. Ile ya polepole kuliko zote, ambayo ndiyo yenye uzito mkubwa katika kukukinga, huchukua saa 60 hadi 72 kupungua kwa nusu. Warfarin yenyewe hukaa: kidonge kimoja huchukua kama siku moja na nusu kupungua kwa nusu mwilini.

Kama umekulia mlimani utakuwa unaijua nduwa, lile bwawa la kuhifadhia maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia. Juu kwenye mfereji maji yanaweza kuingia kwa wingi usiku na kidogo mchana, lakini waliopo chini wanaona kina kilekile cha bwawa. Ukifunga mfongo leo asubuhi, jioni bado watu wanamwagilia migomba. Kesho bado yapo. Keshokutwa ndipo mtu anakuja na jembe kuuliza nani amefunga maji. Warfarin ni mkono unaobana mlango wa mfongo, na INR inapima kina cha bwawa kwa kinyume: maji yakipungua, namba inapanda. Mwili wako unaweza kuwa na mawimbi yake ya asubuhi na usiku, lakini kidonge cha leo kitaonekana kwenye kipimo baada ya siku mbili tatu. Saa sita huku au kule hazionekani. Siku nzima iliyorukwa itaonekana.

Na hapa nimjibu shemeji yangu kuhusu sumu ya panya. Ni kweli. Katika miaka ya 1920 wafugaji wa Kanada na kaskazini mwa Marekani waliona ng'ombe wao wanatokwa damu mpaka kufa baada ya kula nyasi kavu za aina fulani zilizooza ghalani. Mkemia Karl Paul Link na wenzake wa Wisconsin waliitafuta ile kemikali mpaka wakaipata, wakatengeneza nyingine za jamii yake, na mojawapo, warfarin, ikauzwa mwaka 1948 kuua panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kutibu watu, kwa kiasi kinachopimwa. Mwambie pia kwamba hata panya hafi usiku aliokula. Anakufa siku kadhaa baadaye, kwa sababu ileile ya bwawa. Ni dawa ileile, tofauti ni kiasi na kipimo, na ndiyo maana daftari la INR ni nusu ya dawa yenyewe.

Kuna mzee mmoja sitamsahau. Bahasha yake iliandikwa "saa 8 usiku". Aliyeandika alikuwa na saa ya Kizungu kichwani, yaani saa 2 usiku yetu. Mzee wa watu akaitii bahasha. Kwa muda wa miezi miwili alikuwa anategesha simu, anaamka saa 8 usiku wa manane, anakaa kitandani gizani, anameza kidonge chake na maji ya chupa, analala tena. Alipotusimulia tulisikitika, maana alikuwa amechoka na mama watoto naye halali. Nikafungua daftari lake: INR ilikuwa imenyooka kuliko ya mtu yeyote niliyemwona siku ile. Saa ilikuwa ya ajabu, lakini ilikuwa ileile kila siku. Tangu hapo kila nikiandika bahasha naandika "jioni jua likizama" au "usiku baada ya chakula", namba peke yake siiachi.

Watafiti wa Kanada nao walilipima hilo jambo kwa utaratibu, wakagawa watu wanaotumia warfarin, wengine wakahamishiwa asubuhi na wengine wakabaki jioni. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2020, hayakuonyesha faida yoyote ya maana ya saa moja kuliko nyingine katika kutulia kwa INR. Sisi tunapenda jioni kwa sababu ya kikazi tu: ukipimwa asubuhi na jibu likatoka mchana, tunaweza kukupigia simu ubadilishe kidonge cha jioni hiyohiyo.

Mwenzako wa rivaroxaban ni habari nyingine, na aliambiwa sawasawa. Dawa yake haisubiri bwawa lipungue, inakamata moja kwa moja protini iliyomo kwenye damu, na inatoka mwilini haraka: kwa kijana hupungua kwa nusu ndani ya saa 5 hadi 9, kwa mzee 11 hadi 13. Akiruka dozi moja, kinga inakuwa imeyeyuka kabla ya kesho. Na vidonge vya miligramu 15 na 20 vinahitaji chakula. Cha 20 kikimezwa tumbo tupu kinaingia kama theluthi mbili tu. Heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, ya kudondoshwa kwenye mshipa, nayo ilishaonekana, mwaka 1985 huko Ufaransa, kwa wagonjwa wachache waliowekewa kwa kasi ileile mchana na usiku, kwamba nguvu yake ilipanda usiku na kushuka asubuhi. Nadhani habari za "saa na dawa za damu" ulizosikia zimetoka huko, kwenye dawa za haraka, zikaja zikabandikwa kwenye warfarin.

Kuhusu kuhamia dawa yake: hapana ndugu yangu, na hili nalisema bila kupindisha. Kwa mtu mwenye valvu ya chuma, hizi dawa mpya hazifai. Dabigatran, ndugu yake rivaroxaban, ilijaribiwa kwa watu wenye valvu kama yako, na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu damu ziliganda zaidi na waliotokwa damu walikuwa wengi zaidi. Hiyo ilichapishwa mwaka 2013. Mwenzako ana mguu, wewe una chuma moyoni. Msiazimane vidonge hata siku moja, hata kama umesahau vyako nyumbani.

Sasa turudi kwenye namba zako, maana hapo ndipo nina la kukusaidia. 2.7, 1.7, 4.1. Sijui valvu yako ni ipi. Ikiwa ni ya mitrali, kwa kawaida tunataka kati ya 2.5 na 3.5. Ikiwa ni ya aota, mara nyingi 2 hadi 3. Lengo lako limeandikwa kwenye daftari, liangalie. Vyovyote iwavyo, mimi 1.7 inanitisha kuliko 4.1, kwa sababu chuma hakisamehe damu inayoganda.

Wewe unameza "kabla ya kulala". Kwa mtu anayelala usiku kila siku huo ni utaratibu mzuri. Kwako wewe usingizi unahama. Chukua siku unayotoka wiki ya usiku kuingia wiki ya mchana. Umemeza saa 2 asubuhi ukalala. Jioni, saa 4 usiku, unalala tena. Unameza? Ukimeza, umepata vidonge viwili ndani ya saa 14. Usipomeza, kinachofuata ni kesho saa 4 usiku, pengo la saa 38. Ukirudi upande wa usiku ni vilevile: saa 10 au saa 34. Sasa siku moja ukadhani umeshameza kumbe bado, ukarukia siku ya tatu. Sikulaumu, hata mimi ningepotea. Naomba uhesabu vidonge vilivyobaki kwenye chupa ulinganishe na tarehe uliyopewa. Usifiche hesabu hiyo kliniki, tunaihitaji kuliko tunavyohitaji kusikia kwamba unameza vizuri.

La pili ni sahani. Wiki ya mchana unakula jioni nyumbani, na sisi watu wa huku nyumbani maana yake ni mnafu, mchicha, majani ya maboga, sukuma. Hayo yote yana vitamini K kwa wingi, na vitamini K ndiyo inayoibana warfarin isifanye kazi. Wiki ya usiku nadhani unabeba chapati na maharage, au unanunua chipsi getini. Vitamini K inashuka, INR inapanda. Watu wengi wakisikia hivyo wanaacha mboga kabisa. Usiache. Mtu asiyekula majani kabisa INR yake inarukaruka zaidi, kwa sababu akila kidogo tu siku ya sherehe inashuka ghafla. Kula mboga kiasi kinachofanana kila wiki. Mwambie shemeji akufungie bakuli dogo la mnafu na ugali uende nalo lindoni, hiyo ni dawa kama dawa nyingine. Mbege ya Jumapili nayo, kama unakunywa, isiwe ndoo wiki hii na kavu mwezi mzima.

La tatu umelitaja kama kando, nalo ndilo kubwa: Flagyl. Metronidazole, yaani hiyo Flagyl yenyewe, hulizuia ini lisiivunje warfarin, dawa inarundikana, INR inapanda kwa siku chache tu. Ongeza kuharisha na kutokula, 4.1 imepata maelezo. Septrin hufanya vivyo hivyo, na dawa ya fangasi fluconazole pia. Rifampicin ya kifua kikuu hufanya kinyume, huishusha kwa nguvu. Na kazi yenu ya kusimama usiku kucha ina maumivu ya mgongo na magoti: usinunue diklofenaki wala ibuprofen, hata wakikuambia ni ya sindano. Zinachubua tumbo na kulegeza chembe sahani, unaweza kutokwa damu huku INR ikionekana nzuri. Sindano ya nyama ya makalio yenyewe inaweza kukuachia bonge la damu. Kwa maumivu tumia parasetamoli, kwa kiasi, na ikizidi siku tatu nne tuambie. Aspirini usijiongezee mwenyewe, hata ukisikia ni nzuri kwa moyo. Ikiwa daktari wako aliiandika, hilo ni jambo lingine. Duka la dawa, neno lako la kwanza dirishani liwe: "Natumia warfarin."

Ushauri wangu, basi, ni kuitoa dawa kitandani uipeleke getini. Malindo yenu yanabadilishana saa 12 jioni, sivyo? Wiki ya usiku hiyo ndiyo saa unayopokea lindo, wiki ya mchana ndiyo saa unayoliachia. Zamu zote mbili, uko macho, uko wima, na kuna daftari la makabidhiano mbele yako. Meza hapo. Saa 12 asubuhi ingefaa pia, lakini asubuhi ya zamu ya usiku unatoka umechoka, na mtu aliyechoka husahau. Weka vidonge vya wiki kwenye kiboksi, si kwenye mfuko wa koti, na tia alama kwenye kalenda ndogo. Ukisahau na ukakumbuka usiku huohuo, meza. Ukikumbuka kesho yake, iache iliyopita, meza ya siku hiyo kwa saa yake, uandike. Usimeze viwili.

Huenda unajiuliza pia kama uache zamu za usiku. Usiku una gharama zake kwa shinikizo la damu na usingizi, sitakuficha, na kliniki inaweza kukuandikia barua ukiomba. Lakini warfarin peke yake si sababu ya kupoteza kazi. Ningependa kwanza tuone INR ikitulia kwa miezi mitatu ya saa 12 jioni.

Yapo mambo ambayo hayangoji kliniki. Mkojo kama chai ya rangi, kinyesi cheusi kama lami, damu ya pua isiyokata, maumivu makali ya kichwa ya ghafla: nenda dharura, Mawenzi au KCMC, ukiwa na daftari lako. Ukipigwa kichwa kazini, au ukianguka ukagonga kichwa, nenda hata kama hakuna jeraha na unajisikia mzima, kwa sababu damu ya ndani ya fuvu inaweza kuchukua saa kadhaa kujionyesha. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikataa kutoka, usisubiri kupambazuke. Na huo mlio unaousikia usiku usikuogopeshe. Valvu ya chuma inayogonga kwa sauti kavu, safi, inafunga vizuri. Ninachotaka ukiogope ni ukimya: mlio ukififia au ukizibika, hasa pamoja na pumzi kuwa fupi, huenda damu imeganda pale, na hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Anza kubadili saa ukiwa wiki ya mchana. Jumamosi meza saa 4 usiku kama kawaida, Jumapili meza saa 12 jioni, pengo ni saa 20 tu na warfarin haitalijua. Kisha omba kupimwa INR mara mbili karibu karibu, mara moja mwisho wa wiki ya usiku na mara moja mwisho wa wiki ya mchana, asubuhi zote mbili. Zikitofautiana sana ilhali vidonge havijakosekana, tutajua tatizo ni sahani, na nitataka kuongea na shemeji.